Mita Mia Sita na Kumi na Moja

Barua ilifika Februari, mvua ikija kwa ubavu,
bahasha ya kaki yenye kidirisha cha plastiki.
Eluned Prydderch aliisoma mlangoni amesimama,
buti moja mguuni, moja mkononi.
Serikali imekubali. Italipa kwa mita.
Uzio mpya wa kondoo: waya wa miraba,
nyuzi mbili za seng'enge juu yake,
nguzo zilizotiwa dawa, zenye muhuri,
na picha. Kabla, na baada.

Mimi ndiye fundi. Naitwa Ifor.
Nachimba mashimo katika milima hii ya Wales
tangu enzi mabega yangu yakinitii.
Nikapanda naye kupiga picha za kabla.

Kabla!
Kabla ilikuwa miaka sitini ya kukosa hela,
imesimamishwa wima.
Mlango wa gari la samawati. Ngazi isiyo na vidato.
Bati. Kamba za marobota, rangi ya chungwa,
fundo juu ya fundo, na kila fundo na mkono wake:
hili la baba, hili la marehemu Emrys,
hili, akasema, nililifunga nina mimba ya Mared
na theluji imenifika magotini.
Na kule juu, ukuta wa mawe ulipolegea,
kitanda.
Upande wa kichwani, chuma, nondo nane,
vifundo vya shaba viwili, kimoja hakipo.
"Nilizaliwa hapo," akasema.
Nikageuka kuitazama nyumba.
"Siyo huko, Ifor. Hapo."

Sharti la saba, ukurasa wa kumi na nne:
mabaki yote ya uzio wa zamani yaondolewe.
Aliyeliandika hajakilalia kitanda hiki,
kunguni wake angewajulia wapi?
Tena, lipa kwanza mwenyewe, lete risiti,
ndipo urudishiwe;
yaani mwenye njaa aoneshe sahani aliyokwisha kulia.
Akauza majike kumi na mawili
kununua waya wa kuwazuia waliobaki.
Sikucheka. Yeye alicheka kidogo,
kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Wiki tatu. Mwamba ulivunja sururu mbili.
Nilipofika kwenye kitanda nilishika nondo, nikavuta,
kikaja nusu, na udongo wake, na mizizi,
na nikasikia mtu nyuma yangu ananyamaza.
Kunyamaza kuna sauti, waulizeni wenye wake.
Nikakirudisha. Nikakikanyagia udongo.

Afisa alikuja na gurudumu la kupimia,
kijana, Gethin fulani, viatu vyake vikimuomba radhi.
Tiki, tiki, tiki, mlima mzima,
mpaka kitandani. Gurudumu likasimama.
Akatazama karatasi. Akatazama kitanda.
"Bi Prydderch, hiki ni mabaki?"
"Hicho ni mama yangu," akasema Eluned.
Upepo ukafunua kurasa, hakuna aliyezishika.
"Kitoe kwenye hesabu," akasema.
"Mita moja na nusu. Sidai. Hiyo ni yangu."
Sasa fomu haipokei nusu.
Mia sita na kumi na tatu, toa moja na nusu,
andika mia sita na kumi na moja,
na nusu mita ya waya wangu, mpya, iliyokazwa vizuri,
ikabaki mlimani bila serikali.

Ni Agosti. Pesa bado.
Simu inapigwa, muziki unachezwa, simu inakatika.

Jana nilipita. Jike kongwe lenye sikio lililochanika
lilikuwa linakagua kazi yangu kwa pua,
nguzo kwa nguzo, halipati pa kupenyeza hata ulimi.
Lilipofika juu halikufikiri:
kichwa kati ya nondo ya tano na ya sita,
pale rangi ilipolika kwa shingo za mama zake,
likalaza kidevu upande wa pili,
likala majani ya jirani
limefumba macho.